Fundi na Nyimbo Zisizotimiza Arobaini

Jina lake nalijua, na mtaa mzima wa Masuguru hapa Korogwe unalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa fundi tu. Mkewe alimwita fundi, imamu alimwita fundi, na watoto wake walioko Tanga wakipiga simu walianza na "shikamoo fundi" kwa utani, naye akaitikia marahaba bila hata kutabasamu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Kilichompa sifa mpaka Mkata huko Handeni, hata hivyo, hakikuwa redio. Kilikuwa ubao mweusi ambao kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri aliutoa nje ya duka, akauegemeza ukutani, akaandika kwa chaki nyimbo tatu mpya za wiki hiyo.

Hizo nyimbo hazikuwa zile ambazo kila basi linalopita Korogwe linazipiga. Zilikuwa za bendi zinazojirekodia zenyewe, bila kampuni wala meneja. Vijana wa magitaa ya umeme na ngoma, wapiga roki wa chumbani, watunzi wanaoimba peke yao mbele ya simu, wanaoupandisha wimbo mtandaoni kisha wanakaa kusubiri kama kuna mtu duniani atausikia. Fundi alikuwa mmoja wa hao watu duniani. Aliwatafuta kila siku baada ya swala ya alfajiri, akiwa na chai ya rangi na simu yenye kioo kilichopasuka, na aliwapata Gaborone, Kampala, Maputo, na nchi za baridi ambazo majina yake aliyatamka anavyotaka yeye.

Mimi nilitaka kitu kimoja kwake, na nakisema mapema ili msomaji asihangaike. Nilitaka aandike wimbo wangu kwenye ule ubao, kwa jina langu, na aseme anavyouona. Nilikitaka kwa miaka saba.

Nilihamia Korogwe mjini nikitokea kwetu Bungu, milimani, kuja kufundisha Kiingereza sekondari. Nilishuka na begi la nguo, gitaa, na amplifaya iliyoungua. Nikaelekezwa kwa fundi. Aliifungua ile amplifaya, akainusa, akasema transfoma imekwenda na hapa Korogwe haipatikani mpya, labda aisuke upya kwa mkono. Aliisuka kwa siku nne. Nilipokwenda kuichukua aliniuliza ninafundisha nini, nikamwambia Kiingereza, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida.

"Unajua kuandika barua ya heshima kwa Kiingereza?"

"Najua, fundi."

"Kaa hapo. Mama, mletee mwalimu chai."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wake. Fundi hakupiga wimbo wa mtu mbele ya watu bila kuomba ruhusa. Wengine wangeniambia huo ni ushamba, maana mwenye wimbo amekwisha kuuweka hadharani, lakini yeye aliona kupiga wimbo wa mtu bila hodi ni kuingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Barua ilikuwa ile ile kila mara, na naijua kwa moyo: "Mimi ni fundi redio wa Korogwe, Tanzania. Nimeusikia wimbo wenu mpya. Naomba ruhusa niupige Alhamisi mbele ya duka langu na Jumamosi huko Mkata. Watu watausikiliza, nami nitawaletea walichosema." Alisema maneno, nikayageuza, nikayatuma. Yeye mwenyewe alichapa kwa kidole kimoja na alikosea kila herufi ya tatu.

Na walijibu. Hilo ndilo lililonishangaza mpaka nikazoea. Dada wawili wa Kampala walijibu kwa ujumbe wa sauti, wakicheka, wakimsalimia na kuuliza Korogwe iko upande gani. Kaka mmoja wa nchi ya baridi aliandika kwamba wimbo wake ulikuwa na wiki tatu na mtu wa kwanza kumwandikia ni fundi redio wa Afrika, akaomba apewe saa moja atulie kwanza ndipo ajibu. Fundi aliniambia nimwandikie atulie hata mbili.

Majina ya bendi aliyatafsiri yote. Hakutaka kuandika ubaoni neno ambalo muuza mkaa wa jirani hawezi kulisoma. Kwa hiyo ubaoni palikuwa na Viatu vya Jirani, Dada Wawili na Jenereta, Moshi wa Jumanne. Chini ya kila jina aliandika mji waliotoka, na chini yake sentensi zake. Nakumbuka nyingi. "Mpiga ngoma ana haraka, ameacha maharage jikoni." "Sauti imeogeshwa mno, haina harufu ya mtu." "Hawajui wanachotaka ila wanakitaka kweli." "Wimbo umekwisha mapema, wao wameendelea kwa heshima." Watu walisimama kusoma kabla hata ya kusikia, na wengine walibishana na ubao waziwazi, wakimwambia fundi amemwonea yule mtoto wa Maputo. Alifurahi akibishiwa. Asiyebisha alimwona hajasikiliza.

Kabla ya kuandika alisikiliza mara tatu, wala si mbili wala nne. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, akitazama barabara. Ya pili aliketi kwenye meza yake akichomelea waya kwa risasi, kwa sababu alisema wimbo unaokuzuia kufanya kazi bado haujakuheshimu. Ya tatu alisikiliza akila. Mkewe alileta ugali na mlenda au samaki mkavu, naye akala taratibu huku simu ikiwa imeegemea jagi la maji. Hapo ndipo hukumu ilipotoka. Akimaliza chakula chote, wimbo umeshindwa. Akisahau tonge mkononi, umefaulu. Mkewe alilalamika kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Korogwe anayeomba mumewe asile.

Kanuni yake nyingine ilikuwa ya arobaini. Wimbo uliotimiza siku arobaini tangu utolewe haukuingia ubaoni hata uwe mzuri namna gani. Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani, akizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu. "Mtoto mchanga akiwa bado ndani ndipo anapohitaji mikono," alisema. "Akitolewa nje, atashikwa na kila mtu." Mzee mmoja mstaafu wa reli aliwahi kumletea flashi ya nyimbo za ujana wake, akamwomba angalau moja. Fundi alimpa kiti, akampa chai, akamrudishia flashi yake. "Hizi zina wenyewe, mzee. Mimi nashughulika na yatima."

Na mtu huyo huyo alijaza duka lake redio za mbao za zamani ambazo wenyewe walikwisha kufa au kununua televisheni. Hakutupa hata moja. Alizifuta vumbi kila Jumatatu. Nilimwambia mambo yake hayapatani, nyimbo hataki zizeeke na redio hataki zife. Akasema redio haikuomba kusikilizwa, ni chombo tu, na chombo hakitupwi. Sijaridhika na jibu hilo mpaka leo.

Si hilo tu. Alipenda roki na hakupenda kelele. Gitaa la umeme lililovuma na kukwaruza alilisikiliza kwa sauti ya chini kabisa, karibu na kunong'ona, na mtu akimwomba aongeze alijibu kwamba mwenye hasira ya kweli hahitaji kupaza. Hakujua kupiga chombo chochote. Niliwahi kumpa gitaa langu alishike, akalishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni, akalirudisha haraka. Alikuwa wa kwanza msikitini na hakuona shida kuandika ubaoni kwamba bendi fulani ya walokole wa Lusaka ndiyo iliyompendeza mwezi huo.

Jumamosi alipanda basi kwenda Mkata. Alibeba spika ndogo ya betri ndani ya mfuko wa salfeti, akashuka pale wanapouza mihogo, mahindi ya kuchoma na machungwa kwa abiria, akaiweka juu ya kreti tupu. Alipiga zile nyimbo tatu, na kabla ya kila moja akaeleza kwa Kiswahili inasema nini na wenyewe ni nani. Wafanyabiashara walimzoea. Wengine walimdhania anatangaza dawa. Pembeni yake, hatua nne hivi, aliketi mama mmoja mtu mzima aliyeuza mihogo ya kuchemsha kwenye beseni. Mama huyo alikaa daima amempa mgongo. Hakumsalimia, hakumtazama, lakini kila wimbo ukiisha alimgeukia jirani yake wa machungwa na kusema hukumu yake kwa sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Kuhusu yule kaka wa nchi ya baridi alisema: "Huyu hajala. Apewe chakula kwanza, aimbe baadaye."

Fundi alitoa karatasi mfukoni akayaandika. Wiki hiyo nilimtafsiria na kumtumia kaka mwenyewe. Alijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwelewa kiasi hicho, akaomba jina la mama ili aliandike kwenye jalada la wimbo wake unaofuata. Fundi aliikunja karatasi yake.

"Mwambie sina ruhusa yake," alisema.

Nilifikiri ni zile adabu zake za kubisha hodi. Sikujua.

Sasa nije kwenye kanuni iliyoniumiza. Fundi hakuandika wimbo wa mtu wa hapa. Korogwe mjini na Handeni yote hazikuwamo ubaoni. Vijana wa Masuguru waliokuwa na bendi walimletea nyimbo zao, akawatengenezea vifaa, akawapa waya, akawaazima maikrofoni, lakini ubaoni hapana. Mimi nilipotoa wimbo wangu wa kwanza nilidhani nimesalimika, maana mimi ni Msambaa wa Bungu, mgeni. Nilimpelekea siku ile ile.

"Umekunywa chai nyumbani kwangu mara ngapi?" aliniuliza.

"Sijui, fundi. Nyingi."

"Basi wewe ni wa hapa."

Nilitazama kalenda yake ukutani. Hakuzungushia tarehe yoyote kwa ajili yangu, lakini mimi nilihesabu. Siku ya arobaini ilipita ikiwa siku ya mitihani, nikasimamia darasa mpaka jioni. Wimbo ulikuwa umesikilizwa na watu wachache mno, na karibu wote walikuwa ndugu zangu walioandika "hongera sana dada". Hakuna neno linalochosha kama hongera ya mtu ambaye hakusikiliza. Nilihitaji mtu mmoja anieleze ukweli, na mtu huyo alikuwa hatua mia mbili kutoka nilipopanga, na alikuwa akiwaambia ukweli watu wa Maputo.

Mkewe ndiye aliyenieleza chanzo. Tulikuwa uani, tunachambua mchele, na fundi alikuwa msikitini.

"Usimchukie," alisema. "Aliwahi kuandika wa nyumbani. Mara moja."

Yule mama wa mihogo wa Mkata ni dada yake fundi, dada mkubwa wa tumbo moja. Mama huyo alikuwa na mtoto wa kiume, fundi cherehani, aliyependa gitaa. Kijana alitoa wimbo, akaleta kwa mjomba wake. Fundi akausikiliza mara tatu, akala ugali wote. Kisha akachukua chaki akaandika kwamba wimbo huu ni mzuri kuliko zote za mwaka huo.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Kwa sababu kijana alikuwa amesimama pale pale anamtazama. Na mama yake alikuwa amekuja na kuku wa shukrani."

Anayewajua Wazigua, kabila la fundi na dada yake, anajua neno la mjomba lina uzito gani. Mjomba akisema kitu, mpwa haendi kutafuta maoni mengine. Ubao ule kwa watu wa Masuguru ulikuwa burudani, kwa kijana ulikuwa idhini. Akauza cherehani yake, akaacha shamba, akaenda Arusha kurekodi nyimbo kumi. Misimu miwili mama yake alilima peke yake. Kijana alirudi amekonda, hataki kuliona gitaa wala kumwona mjomba, na hakuna mtu kule aliyeisikiliza hata nusu ya kazi yake. Tangu hapo dada hakumsemesha tena kaka yake. Fundi akaanza kwenda Mkata kila Jumamosi na spika yake.

"Anakwenda kumpigia dada yake," mkewe alisema, akipuliza makapi. "Nyingine zote ni sababu tu."

Ungedhani baada ya kusikia hivyo ningemwacha mzee wa watu. Sikumwacha. Nilijiona mjanja. Nilirekodi wimbo mwingine kule Bungu, ndani ya ghala la baba, kwa kuwa magunia ya mahindi yanameza mwangwi na hakuna pikipiki zinazopita. Binamu yangu alipiga ngoma. Nilifungua anwani mpya ya barua pepe, nikajiita Mvua ya Pili, bendi ya Songea, nikamtumia fundi. Hakuwahi kunisikia nikiimba, hata ule wimbo wa kwanza hakuufungua, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Jumatatu aliniita.

"Mwalimu, kuna bendi ya Songea. Waandikie waombe... la, tuwaombe ruhusa."

Nikakaa nikajiandikia barua. Yeye anasema, mimi nachapa: mimi ni fundi redio wa Korogwe, nimeusikia wimbo wenu mpya. Nikatuma. Nilikwenda nyumbani nikajijibu, kwa unyenyekevu mwingi, kwamba Mvua ya Pili wamefurahi sana na wametoa ruhusa. Kesho yake alinisomea jibu hilo kwa sauti, akasifu kwamba watu wa Songea wana adabu. Nilijizuia nisicheke mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi nilikuwa mbele ya ubao kabla chaki haijakauka. Aliandika hivi: "Mvua ya Pili, Songea. Gitaa linajua linakokwenda. Mwimbaji anaimba kama yuko kwa wakwe, kila neno limepigwa pasi na hakuna lililo lake. Nimemaliza ugali na ukoko."

Nilisoma mara mbili. Watu wawili kando yangu walicheka lile la ukoko, nikacheka nao. Masikio yaliniwaka moto. Na kibaya zaidi, nilijua ni kweli, nilikuwa najua tangu ghalani, nilipoomba turudie mara ya tisa ili sauti yangu isitetemeke.

Jumamosi sikwenda Mkata, lakini Jumatatu aliniita tuwapelekee bendi maoni ya watu. Alitoa karatasi yake. Mama wa mihogo alikuwa amesema: "Binti huyu anaomba ruhusa ya nani?" Nikaandika.

"Ongeza jambo moja," fundi alisema, akiwa ameinamia redio. "Waambie ile transfoma yao niliisuka kwa waya mwembamba kidogo, ndiyo maana inaunguruma chini ya gitaa. Wakishuka kutoka Songea waniletee niwabadilishie."

Nikaacha kuchapa. Mtu ninayemfahamu kwa kazi ya mikono yake nimempelekea kazi ya mikono yake, nikadhani hataijua. Angeujua muungurumo ule hata usingizini.

"Ulijua lini?"

"Mara ya kwanza. Nilikuwa mlangoni pale."

"Mbona uliandika sasa, na kanuni yako?"

"Niliyemwandikia ni mtu wa Songea," alisema. "Yeye hanijui, simjui. Kamwandikie."

Nilikasirika, na sikukasirikia maneno ya ubaoni. Nilikasirika kwa sababu mtu wa kubuni wa Songea alipewa heshima ambayo mimi sikupewa. Niliondoka na sikurudi dukani mpaka muhula ukaisha. Barua zake aliandikiwa na mwalimu mwingine, na nasikia bendi mbili hazikujibu kwa sababu mwenzangu alianza na "Mheshimiwa". Niliporudi, mkewe alileta chai. Fundi aliibadilisha ile transfoma, na tukaendelea, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila mimi kumpelekea wimbo tena.

Mwezi uliopita nilitoa wimbo. Jina lililoandikwa ni langu, la baba na la ukoo, na chini yake Bungu, Korogwe. Ni wimbo kuhusu baba yangu, ambaye ananiachia ghala lake kila ninapotaka kurekodi na hajawahi kuketi kusikiliza hata dakika moja. Jumamosi, wimbo ukiwa na siku tatu, sikwenda Masuguru. Nilibeba gitaa na amplifaya ndogo ya betri, nikapanda basi, nikashuka Mkata.

Fundi amezeeka. Nywele zimekuwa nyeupe na sasa anakaa kwenye kiti anapopiga nyimbo. Mama wa mihogo alikuwa pale pale, mgongo ule ule. Niliwaamkia wote wawili kwa zamu, shikamoo fundi, shikamoo mama, wakaitikia kila mmoja upande wake.

"Fundi, nimetoa wimbo Jumatano. Ni wangu, kwa jina langu. Naomba uusikilize uniambie."

"Binti, kanuni unaijua."

"Naijua na sababu yake naijua."

Alimtazama dada yake kwa jicho la pembeni. Nilipaswa kunyamaza hapo, mtu mwenye malezi angenyamaza. Lakini nilikuwa nimesubiri miaka saba.

"Kosa lako halikuwa kumwandikia mtu wa nyumbani," nikamwambia. "Kosa lako ulimwogopa. Ungemwambia kijana kwamba wimbo haujaiva, angerudi kwenye cherehani yake akaenda kutunga mwingine. Wale wa Gaborone unawaambia ukweli kwa sababu huwapendi. Mimi nataka uniambie kama wao, na ninataka uniambie mimi."

Muuza machungwa alishusha kisu. Fundi alinyoosha mkono, nikampa simu yangu. Alisimama, kwa shida kidogo, akashika nguzo ya kibanda, akasikiliza akitazama lami. Akaketi akausikiliza tena akiwa anakaza skrubu ya spika yake ambayo haikuwa imelegea. Mara ya tatu alinunua hindi la kuchoma kwa muuza mahindi, akala. Alikula lote.

"Huu bado," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, machoni pangu. "Mwanzo ni mzuri, mwanzo umetupeleka kwenu na tumefika. Lakini ukifika kwa baba yako gitaa linapanda. Kwa nini linapanda? Umelipandisha ili tusikusikie unachomwambia. Kuanzia hapo umetuacha nje."

Nilitegemea kuumia. Nilichosikia ni miguu yangu kushika ardhi, na furaha, furaha kabisa, ya mtu aliyekuwa akibisha hodi mpaka mkono ukafa ganzi.

"Hapo tu?" nikauliza.

"Hapo tu. Lakini hapo ndipo wimbo wenyewe ulipo."

Ndipo yule mama alipogeuka. Aligeuka na kigoda chake, beseni likabaki nyuma yake. Alimtazama kaka yake, na alisema naye yeye mwenyewe, si na muuza machungwa.

"Mwanangu naye ungemwambia hivi."

"Ningemwambia, dada."

"Ukaogopa."

"Nilimwogopa. Na wewe nilikuogopa, ulikuja na furaha mlangoni." Alifuta mikono yake kwenye magoti. "Nilikosea, dada. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, si leo."

Basi lilisimama, wauzaji wakakimbilia madirisha, lakini mama hakuinuka.

"Haya," alisema mwishowe. "Nyamaza sasa, tumsikie binti. Aanzie hapo uliposema."

Nilikuwa nimekwisha kuunganisha gitaa. Nikachomoa waya, nikaliweka chini juu ya kanga. Nikaanza pale kwenye mstari wa baba, peke yangu, wazi, kwa sauti inayotetemeka, mbele ya fundi na dada yake na abiria wa basi lile, na sikuusimamisha wimbo ilipotetemeka.